Injini Isiyovuja

Mjini kwetu, miaka ile, vita ilibebeshwa hata makosa ambayo haikuyafanya. Mtu akichelewa kazini, ni vita. Mkate ukiwa na mchanga, ni vita. Fundi cherehani akikuharibia kitambaa cha Idi, anakutazama usoni bila haya na kukuambia, mama, si unaona hali ilivyo? Hali nilikuwa naiona. Nilikuwa naona pia mkono wake na mkasi wake. Watu walikufa kwa vita, tena wengi, na baadhi yao niliwalilia mimi mwenyewe. Ndiyo maana nilichukia kuona wazembe wakijificha nyuma ya maiti.

Kwa hiyo ile ndege ndogo ilipoanguka kwenye mashamba ya mpunga, upande wa uwanja wa ndege, mji mzima ulishajua sababu kabla moshi haujatulia. Kwanza walisema imepigwa risasi na waasi. Jioni risasi ikasahaulika, wakasema mafuta yalitiwa maji. Rubani alikufa palepale. Abiria alikuwa mkubwa mmoja wa jeshi, akavunjika miguu yote miwili. Angevunjika muuza dagaa, wangesema ajali, tukaenda kulala. Lakini kwa miguu ya mkubwa lazima apatikane mtu wa kulipa, na mtu aliyepatikana alikuwa mdogo wangu.

Mdogo wangu, wa tumbo moja, kazi yake ilikuwa kutia mafuta kwenye ndege ndogo. Mama yetu alikufa yeye akiwa bado anatambaa, nikamlea mimi mgongoni. Wanajeshi walimchukua hapohapo kwenye pipa la mafuta, mikono yake bado inanuka petroli. Walisema alitia maji kwa makusudi ili amuue mkubwa, kwa hiyo ni mtu wa waasi. Siku zile, mtu akishabandikwa neno hilo, ndugu zake walianza kutafuta sanda. Wengine hata mwili wa kuuvisha hiyo sanda hawakuupata.

Sisi Waislamu wa mtaa wa Bwiza tulikuwa na tabia ya kujidanganya kwamba hayo hayatuhusu. Tulikuwa tukisema, sisi ni Waswahili, sisi ni watu wa biashara na ufundi, wagombane wenyewe. Basi siku hiyo nikaona jinsi yanavyotuhusu.

Tuliishi kwenye kiwanja cha ukoo wa mume wangu. Mbele, barabarani, palikuwa na gereji ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Nyuma palikuwa na tanuri la mume wangu, aliyekuwa akiyeyusha vyuma vyeupe, vichwa vya injini, sahani za zamani, chochote cha alumini, na kuvimimina kuwa sufuria. Katikati, mlangoni pake, alikaa mama mkwe na tasbihi yake, akihesabu majina ya Mola wake kwa mkono na akitupima sisi kwa macho.

Shemeji huyo alikuwa fundi pekee Bwiza aliyevaa koti jeupe. Niseme vizuri: jeupe, la kupigwa pasi, ndani ya gereji. Hilo ndilo lililokuwa tangazo lake. Mke wake alishafariki na hakuoa tena, kwa hiyo alikula jikoni kwangu kila siku, na kila siku alisifia chakula, hata siku ambazo mimi mwenyewe nilijua nimeunguza. Sikuwa na ugomvi naye. Nilikuwa na ugomvi na watu wengi, lakini si naye.

Mafundi wa Bwiza walikuwa na desturi yao. Gari likishatengenezwa, mwenyewe hakabidhiwi siku hiyohiyo. Fundi anatandika katoni safi chini ya injini, gari linalala juu yake, na asubuhi mwenye gari anakuja, wanainama pamoja na kuitazama ile katoni. Ikiwa na doa la mafuta, fundi anafungua injini upya, na mtaa mzima unamcheka mpaka Ijumaa. Ikiwa safi, wanapeana mikono. Ufundi wote ulikuwa unapimwa hapo. Hakuna aliyeuliza injini inavuta vipi mlimani au inakula mafuta kiasi gani, walichotaka kuona ni katoni.

Na ili katoni itoke safi, mafundi walipaka pati. Ni gundi nyekundu ya kuzibia maungio ya injini, laini ikitoka kwenye bomba lake, kisha inakauka kama mpira. Fundi wa kawaida alipaka kidogo. Shemeji alipaka kama anayempaka bibi harusi hina. Kwenye injini za mabasi, zenye njia nene za oili, haikuwa na neno. Katoni za shemeji zilitoka safi, na zile za magari ya wakubwa alizitundika ukutani, kama wengine wanavyotundika picha za Makka.

Sasa, ile ndege ilikuwa na mwenyewe, mtu wa Kinindo, mtaa wa wenye nazo. Kila mtu alimwita patroni, na mimi nitamwita hivyohivyo. Alikuwa na fundi wa ndege wa kweli, mgeni, lakini nchi jirani zilipotufungia mipaka, ile waliyoiita blokusi, vipuri vikaacha kuingia na fundi akarudi kwao. Injini ya ndege ikaanza kuvuja, oili ikawa inarukia kioo cha mbele, na abiria wakaanza kunung'unika. Patroni angeweza kuiacha ndege chini. Lakini barabara zilikuwa na mitego, kila mwenye uwezo alitaka kuruka, na ndege iliyolala haimnufaishi mwenyewe. Akamkumbuka fundi wa Bwiza aliyetengeneza magari yake, yule ambaye injini zake hazivuji.

Shemeji aliporudi kutoka uwanja wa ndege na katoni mkononi, alitembea nayo barabara nzima, akisimama kila duka. Safi! Hata tone! Mama mkwe alipiga vigelegele. Nilipika pilau siku hiyo. Ndege ikaruka majuma machache bila kuvuja, kisha ikaanguka.

Nilipoanza kumpelekea mdogo wangu chakula kasho, yaani mahabusu ya wanajeshi, mlinzi wa mlangoni alikuwa anaingiza vidole vyake vyote kwenye wali akitafuta nisichokuwa nacho. Akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha mjini, ambamo ndiye ni njo, ndege ni avioni na injini ni moteri.

"Weye njo dada ya ule aliua avioni?"

"Mi dada ya ule alitia mafuta."

"Ni kitu moja."

"Apana. Na utoe vidole, bado atakula."

Alicheka, akavizungusha mara nyingine. Niliyameza matusi yangu, maana yangerudi kwa mdogo wangu usiku. Walipomleta, alikuwa ameshikwa kwa bega na mtu wa nyuma, na sikio moja lilikuwa limevimba mpaka limeziba. Ilinibidi niongee upande wa pili.

"Dada, mafuta ilikuwa safi. Nilipitisha yote mu ngozi, piloti mwenyewe alikuwa anaangalia."

Ngozi hiyo nilikuwa naijua. Ni ngozi laini ambayo wao huchujia petroli, inazuia maji na kupitisha mafuta.

"Umewaambia?"

"Niliwaambia. Walisema ngozi iko wapi, niliwaonesha, waliikata." Alitafuna kidogo, kwa upande mmoja. "Dada, mi nilisikia ile moteri. Maji ikiingia, moteri inakohoa, inakohoa. Hii haikukohoa. Ililia kama chuma kinakamatana, kisha ikanyamaza kabisa."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Kinindo. Sikubadilisha hata nguo. Patroni hakunifungulia geti, alifungua kile kidirisha chake tu, nikawa naongea na nusu ya uso wa mtu. Nilimwambia mdogo wangu amemtilia mafuta miaka yote, anamjua, aende akaseme neno moja tu. Alitikisa ile nusu ya kichwa kwa huzuni.

"Mama, ni vita. Sisi wote tumepoteza."

"Weye umepoteza avioni. Nunua ingine. Mi nitanunua mudogo yangu wapi?"

"Mungu yupo," akasema, na kidirisha kikafungwa. Nilibaki nimesimama mbele ya bati la kijani, nikilipiga mpaka mlinzi wa jirani akaja kunitazama. Nilimchukia mtu yule kwa chuki ambayo mpaka leo haijapoa, wala siiombei ipoe.

Haukupita muda, pikapu ya patroni ikaingia kiwanjani kwetu. Ilikuwa imebeba magunia. Ndani kulikuwa na injini ya ndege, imevunjwavunjwa kwa nyundo kubwa, vipande vya kuingia kwenye tanuri. Zawadi, dereva alisema, patroni anasema msipoteze muda, myeyushe. Mume wangu alifurahi, maana alumini ya ndege ni safi. Mama mkwe alimwombea patroni dua ndefu. Shemeji alikuja na koti lake jeupe, akashika kipande kimoja, akakipapasa, akasikitika kama mtu aliyeletewa mwili wa mgonjwa wake.

"Moteri nzuri," akasema. "Vita iliiharibu."

Mimi kazi yangu kwenye tanuri ilikuwa kukwangua. Kabla chuma hakijaingia motoni, lazima utoe pati yote iliyokauka, la sivyo inanuka na sufuria inatoka na vitundu. Nilikaa na kisu changu, nikaanza. Pati ilikuwa nyingi kuliko ya basi lolote nililowahi kukwangua. Kwenye maungio ilikuwa imefura kwa nje na imefura kwa ndani vilevile. Ndipo nikakuta kachujio. Kalikuwa ka waya, kadogo kama kidole gumba, kale ambako oili inapitia ikivutwa kwenda kulainisha vyuma. Kalikuwa kamejaa vipande vyekundu tangu mdomoni mpaka chini. Nilikapuliza. Hakakupitisha hata pumzi.

Mume wangu alikuwa anachochea moto. Nilimwonesha.

"Tupa mu moto," akasema.

"Unajua ni kitu gani?"

"Nilisema tupa."

"Oili haikupita. Vyuma vilikamatana. Njo ile mudogo yangu alisikia."

Hakubisha. Angebisha, labda ningemwamini, maana nilitaka kumwamini. Alitazama moto tu.

"Ni kaka yangu," akasema.

"Na ule wa kasho ni nani?"

"Ule ni wako."

Niliishi na mtu yule miaka mingi kabla ya siku ile na mingi baada yake, tukazaa, tukauguzana, na bado hilo ndilo neno lake ninalolikumbuka kuliko yote. Nilikafunga kale kachujio kwenye pindo la kitenge, nikaendelea kukwangua vipande vingine.

Nilikuwa nimesikia kasho kwamba uchunguzi, anketi wenyewe waliita, umepewa mzee mmoja wa mtaa wa Mutanga Nord, mhandisi aliyefanya kazi ya ndege maisha yake yote. Asubuhi nikaenda. Alikuwa na bustani iliyokatwa vizuri na uso usiokuwa na bustani yoyote. Aliniacha nisimame juani, yeye akakaa barazani.

"Moteri nilitafuta," akasema. "Patroni alisema wakulima waliiba."

"Iko kwetu Bwiza, muzee. Kesho itakuwa sufuria."

Hapo akanyoosha mkono. Aliweka kachujio kwenye kiganja, akakageuza, akakatazama kwa muda mrefu. Niliona wazi kwamba ameelewa. Alielewa upesi kuliko mimi, na haikumgusa moyo hata kidogo.

"Nani alipaka hii?"

Nilikuwa nimekuja kumtoa mdogo wangu, sikuwa nimefikiria kwamba mlango ule una nafasi ya mtu mmoja kutoka na mwingine kuingia.

"Mama, nikiandika nilipata hii mu mikono ya dada ya mufungwa, watanicheka. Patroni atasema uliijaza weye mwenyewe jikoni. Mi nataka mukono ulipaka, na mudomo useme ni mi nilipaka. Kama hauna, rudi nyumbani."

"Na mudogo yangu?"

"Mudogo yako wanamuhamisha mwisho wa juma."

Kuhamishwa. Kila mtu mjini alijua maana yake. Waliohamishwa walipandishwa kwenye lori, na lori lilirudi bila wao.

Nilitembea kutoka Mutanga Nord mpaka Bwiza bila kusalimia mtu. Njiani niliwaza hivi. Nikimwambia shemeji ukweli, atavuka mpaka kwenda Uvira siku hiyohiyo, ana jamaa huko, na mdogo wangu atapanda lori. Nikiita kikao cha ukoo, watasoma dua, watanywa chai yangu, na mwisho watanishauri nisubiri. Mume wangu ameshachagua. Mama mkwe hakuhitaji hata kuchagua. Lakini shemeji nilikuwa namjua. Kuhusu kazi yake hakuwa mtu wa kusema uwongo, wala hakuwa mtu wa kunyamaza. Na tena hakuwa anajua lolote. Alikuwa anaamini kwa moyo wake wote kwamba ile injini ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya.

Nilimkuta amelala chini ya basi. Miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Shemeji, kuko muzee mumoja wa Mutanga Nord. Anajua mambo ya avioni. Anataka aone fundi alitengeneza ile moteri."

Miguu ikatulia. "Anataka nini kwangu?"

"Anataka umuelezee vile ulifanya. Alisema hajaona kazi ya namna ile."

Nilimvika kilemba cha ukoka, na kilimkaa vizuri. Akatoka chini ya basi, akanawa mikono mpaka viwiko, akauliza kama koti la pili limepigwa pasi. Nililipiga mimi. Ilikuwa na makaa mengi ile pasi, na nililipiga vizuri, kisha nikarudi Mutanga Nord kumwambia mhandisi aje.

Mhandisi alikuja kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Alikuja na watu wawili waliovaa nguo za kiraia na viatu vya jeshi. Walisimama mlangoni kama wateja. Shemeji aliwakaribisha wote, akaagiza Fanta. Kisha akapanda kigoda, akashusha katoni ya ndege ukutani, akaishika kwa ncha za vidole.

"Muangalie, muzee. Usiku muzima avioni ililala hapa. Muoneshe doa."

"Hakuna doa," mhandisi akasema. Alikuwa ameanza kutumia sauti laini, sauti ambayo mimi hakunipa. "Ulitumia joint gani ya kuziba maungio?"

"Joint ya avioni haiko, sababu ya blokusi. Nilifunga na pati."

"Kiasi gani?"

Shemeji alicheka. "Mi siko mutu wa choyo. Inje na ndani. Ikakauka, nikafungua, nikapaka tena."

"Patroni alijua wewe ni fundi wa magari?"

"Patroni njo alinichukua na gari yake! Aliniambia, fanya kama unafanyaka zangu. Muzee, moteri ni moteri. Yenye kutembea chini na yenye kutembea juu, zote ziko na oili, zote zinapenda kuvuja."

Mama mkwe alikuwa amejongea mpaka kwenye kizingiti cha gereji, uso unang'aa. Alimwambia mmoja wa wale wawili, huyu ni mutoto yangu wa kwanza. Mume wangu, kule nyuma, aliacha kuchochea. Nilimsikia ameacha. Hakuja.

Mhandisi akatoa kachujio mfukoni, akampa. Nilidhani sasa ataelewa, kwamba uso wake utabadilika mbele yangu na nitalazimika kuutazama. Shemeji alikasogeza kwenye mwanga, akabonyeza kipande chekundu kwa ukucha.

"Umeona pati hii, muzee? Ilipitia mu ajali, mu moto, na bado imeshika. Hii njo ile ya bei kali. Wengine hapa Bwiza wanapaka ile ya rahisi."

Mhandisi akakachukua tena taratibu.

"Twende ku biro ya kazi, fundi," akasema. "Utaeleza vilevile, wataandika."

Akaenda. Akaenda mwenyewe, mbele yao, katoni kwapani, akiwapungia mkono wenye maduka. Chupa yake ya Fanta ilibaki nusu kwenye meza, ikaingia nyuki.

Mdogo wangu walimwachia kabla lori halijaja. Hakuna aliyemwomba radhi. Mlinzi yuleyule wa vidole alimsukuma nje na kumwambia aende, basi. Alikuwa amekonda mpaka suruali aliishika kwa mkono, na lile sikio halikusikia tena. Nilimkumbatia pale barabarani nikalia kwa sauti, sikujali nani ananitazama, na mpaka leo nikikumbuka uzito wake mdogo mikononi mwangu najua kwamba ningefanya vilevile, tena bila kusita.

Siku chache baadaye nilirudi Mutanga Nord kuuliza kuhusu patroni. Mhandisi alikuja getini mwenyewe safari hii, ili nisiingie.

"Patroni alisema fundi alimudanganya. Alisema fundi alijiita fundi wa avioni."

"Muzee, ulisikia na masikio yako! Aliambiwa afanye kama magari!"

"Nilisikia."

"Sasa?"

"Sasa anketi imefungwa. Uliniomba mudogo yako, mama. Si ulimupata?"

Nilikuwa na tusi, nikalitoa lote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga geti. Patroni alipata ndege nyingine haukupita mwaka. Nilikuwa naisikia ikipita juu ya Bwiza asubuhi, na kila ilipopita niliilaani, kisha nikakumbuka waliomo ndani hawana kosa, nikaiondolea laana.

Nyumbani, mama mkwe aliacha kula chakula changu. Alinunua mkate na chai dukani, akala mlangoni pake akinitazama. Aliwaambia wanawake wote wa mtaa, mbele yangu na nyuma yangu, "Huyu njo aliita wanajeshi mu nyumba yangu," na hakuwa amekosea. Mume wangu hakuniacha, lakini hakunisemesha mpaka mwezi wa Ramadhani ulipoandama, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa kwamba futari ina chumvi.

Ilibaki shemeji. Kasho yetu haikupika. Mfungwa alikula alicholetewa na watu wake, na asiye na wa kumletea alikula macho ya wenzake. Mama mkwe magoti yake hayakumfikisha mbali. Mume wangu hakuweza kumtazama kaka yake, si kwa sababu yangu, kwa sababu yake mwenyewe. Basi nikabeba mimi. Mlinzi aliponiona alipiga makofi.

"Tena weye! Sasa ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Nyumba yenu muna watu wangapi wa kufunga?"

Akaingiza vidole kwenye wali.

Walimleta shemeji akiwa na koti lake. Halikuwa jeupe tena, na kola ilikuwa imechanika, lakini alikuwa amelifunga vifungo vyote. Alikaa chini, akafunika magoti kwa adabu, akasema bismillahi, akala. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, akinitukana nimjibu nini, akilia nimjibu nini. Nilikuwa na hasira tayari mkononi, maana rubani alikuwa na mama, na sikio la mdogo wangu halitarudi, na uzembe ni uzembe hata ukivaa koti jeupe.

"Wali muzuri," akasema. "Hakuna mutu anapika kama weye."

Nilimsogezea kikombe cha maji.

"Shemeji, mi nataka nikushukuru." Aliacha kutafuna. "Mu nyumba nzima, weye peke yako uliniletea mutu anajua kazi. Wengine wote walinyamaza, hata mudogo yangu, bwana yako. Hapa hawaelewe moteri. Wanasema pati, pati, kama watu hawajaona pati. Lakini yule muzee alielewa. Niliona macho yake."

Alinisogelea, akapunguza sauti ili wengine wasisikie.

"Unaweza kumuita tena? Kuko kitu nilisahau kumuambia. Nilipaka mara tatu, si mbili. Akijua ni tatu, ataniondosha huku."

Kwa ule muda mfupi nilimpenda kuliko watu wote wa kiwanja kile, na niliona haya kwa ajili yake, na chuki yangu yote ikapanda kwenda Kinindo, ikagonga lile geti la kijani, ikarudi mikono mitupu. Ningeweza kumwambia. Angekuwa amefungwa huku akijua kwa nini, na hilo lisingemfungulia mlango.

"Nitamuita," nikasema.

"Umuambie tatu."

"Tatu, shemeji."

Akatikisa kichwa, ameridhika, akarudi kwenye wali. Mlinzi alikuwa ananihimiza nitoke, nikamwambia asubiri, sahani ni yangu.